Amplifaya ya gitaa yenye chaneli mbili: kuipokea, kuiwasha na kuijaribu ukiwa Dodoma

Amplifaya ikishuka kwenye buti la basi pale stendi ya Nanenane, usiwe na haraka ya kuitafutia soketi. Imesafiri kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam, imebanwa na magunia, imerushwarushwa, na kama ni kiangazi imekunywa vumbi la kutosha. Ipeleke ndani, ikae saa moja au mbili, na muda huo uutumie kuikagua kwa macho na multimita (kipimo cha umeme). Wengi humaliza kazi hii kwa dakika 5: wanachomeka, wanabonyeza chaneli ya pili, wanafungua geini (nobu ya kukuza sauti mpaka ipasuke) hadi mwisho, wanapiga kodi tatu (noti kadhaa kwa pamoja) na kutoa hukumu. Mara nyingi wanachohukumu ni umeme wa nyumba, kebo mbovu na chumba chenye sakafu ya saruji. Amplifaya yenyewe bado hawajaisikia.

Chaneli ya kwanza hutoa sauti safi, ya pili hutoa sauti iliyopasuka, na gitaa ni lilelile. Fedha uliyotoa imelipia uwezo wa kuhama toka moja kwenda nyingine katikati ya wimbo bila sauti kuzama na bila mpiga ngoma kugeuka kukutazama. Chaneli mbili tamu zisizolingana zitakusumbua kuliko amplifaya ya chaneli moja. Ndiyo maana majaribio yote hapa yanaanzia chaneli safi, na ya pili inapimwa kwa kulinganishwa nayo.

Lebo ya nyuma

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120, ya Japani 100, na kwa vile vyombo vingi vya muziki hutufikia vikiwa mtumba, usidhani tu kwamba yako ni ya 230. Isome lebo. Ya 120 ukiichomeka moja kwa moja ukutani, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Ukiikosa bahati hiyo, transfoma itaungua.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme, na hapo watu hukosea ukubwa. Wati zinazotajwa kwenye tangazo, tuseme 50, ni nguvu inayokwenda kwenye spika. Wati zilizoandikwa karibu na waya wa umeme ndizo matumizi, na amplifaya ya valvu (chupa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 50 inaweza kula wati 150 au zaidi. Transfoma ya VA 300 (VA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba, karibu sawa na wati) itaibeba bila kuhema, ila ile ndogo ya VA 100 itachemka mpaka iungue. Ya Japani itafutie transfoma inayotoa volti 100 kamili, kwa sababu 110 kwenye chombo cha 100 ni ziada ya asilimia 10 kila unapowasha.

Kama nyuma kuna swichi ya kuchagua 115 au 230, iwe 230 kabla ya kuchomeka, na fyuzi nayo ibadilishwe ifuate maandishi ya shasi (bati linaloshika mitambo ya amplifaya). Kwenye 230 mkondo wa umeme ni nusu ya ule wa 115, kwa hiyo fyuzi ya zamani inakuwa kubwa mara mbili na haimlindi mtu. Herufi T mbele ya namba ni fyuzi inayovumilia mshtuko wa kuwasha, F ni ya kukatika upesi. Ukiweka F penye T itakatika hovyo, na ukiizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, umegeuza transfoma kuwa fyuzi.

Plagi, ethi na ile kalamu

Plagi ya miguu miwili ya duara kutoka Ulaya haiingii kwenye soketi zetu mpaka usukume kitu kwenye tundu la juu, na kila mtu anaijua mbinu ya kalamu. Kwa chaja ya simu unaweza kusamehewa. Kwa amplifaya ya gitaa acha kabisa. Tundu la juu ndilo la ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na plagi ikiingia kwa mtindo huo, bati la amplifaya halina pa kumwagia umeme ukivuja. Nyuzi za gitaa zimeungwa kwenye bati hilo, na mikono yako iko kwenye nyuzi. Kata plagi, funga ya miguu mitatu, waya wa kijani na njano kwenye mguu mkubwa, fyuzi ya ampea 3 au 5 ndani ya plagi badala ya 13 inayokuja nayo. Ikiwa amplifaya ni ndogo na lebo ina alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo imetengenezwa bila ethi na waya wake utakuwa na nyuzi mbili tu.

Amplifaya ikiwa haijachomekwa, weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani): ncha moja kwenye mguu mkubwa wa plagi, nyingine kwenye skrubu ya shasi isiyopakwa rangi. Isome chini ya omu 1. Kisha hamia kwenye soketi, ukipima volti za AC kwa mikono mikavu: moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) iwe karibu na 230, moto na ethi iwe karibu sawa na hiyo, nyutro na ethi isizidi volti chache. Ukipata makumi ya volti kati ya nyutro na ethi, au moto na ethi haisomi kitu cha maana, mwite fundi umeme kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Dodoma ina mtego wake hapa. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na kuanzia Juni mpaka Novemba fimbo fupi ya ethi inaweza kuwa imesimama kwenye ardhi iliyokauka kabisa. Kumwagia maji kunasaidia kwa siku chache tu. Fundi anayejua kazi atazamisha fimbo ndefu zaidi au ataunga mbili tatu mbalimbali, kisha atapima.

Anayeimba huku anapiga gitaa ana jaribio moja la ziada, na kwa wapigaji wa kwaya si la hiari. Maiki iko kwenye miksa, miksa imechomekwa ukuta huu, amplifaya ukuta ule. Pima volti za AC kati ya nyuzi za gitaa na wavu wa maiki. Sifuri au volti moja si kitu. Ikisoma 30, 60 au 110, usipeleke mdomo hapo. Chomeka miksa na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya uhakika, upime tena.

Kukagua bila kuwasha

Kama ni ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa, ziangalie kupitia kwenye wavu wa nyuma. Zilizolegea zisukume taratibu na kitambaa mpaka zikae. Doa la kifedha ndani ya kioo ni dalili njema. Likiwa limegeuka jeupe kama chokaa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Usifungue shasi yenyewe: kapasita za amplifaya ya valvu zinaweza kushika volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa waya.

Chomoa waya wa spika na upime omu za spika. Ya omu 8 husoma kama 6 au 7 kwenye multimita, ya 4 husoma 3 na kitu, ya 16 husoma 12 au 13. Ikionyesha ukinzani usio na mwisho, koili imekatika. Rudisha waya mahali pake na uvute kidogo kuhakikisha umeshika, kwa kuwa amplifaya ya valvu ikiwashwa na kupigwa bila spika inaweza kuua transfoma yake ya kutolea sauti. Kama kichwa (amplifaya yenyewe) na boksi la spika vimetengana, namba za omu zilingane, na waya wa kati uwe waya wa spika. Kebo ya gitaa inafanana nao kwa nje lakini ndani ina uzi mwembamba mno kwa kazi hiyo.

Kuwasha, bila gitaa kwanza

Voliumu zote sifuri, geini zote sifuri, besi, midi na trebo (sauti za chini, za kati na za juu) kwenye 5, rivabu (mwangwi kama wa ukumbini) sifuri. Hakuna kebo mbele. Washa. Yenye swichi ya kusubiri iache hapo sekunde 30 hadi 60 ndipo uifungue. Rangi ya machungwa katikati ya valvu ni kawaida, ukungu wa buluu kwenye kioo cha valvu kubwa ni kawaida pia. Bati la ndani ya valvu kubwa likianza kuwa jekundu, zima saa hiyohiyo, usingoje kuona itakuwaje.

Sasa panda na voliumu ya chaneli safi mpaka 5, rudisha, fanya hivyo kwa ya pili. Utasikia mvumo kidogo na mlio kama wa upepo. Chaneli ya pili itapuliza zaidi, kwa sababu geini hukuza kila kitu pamoja na kelele. Zungusha kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi. Zikikwaruza, ni vumbi ndani, au kutu kama amplifaya imeishi Pwani miaka mingi. Dawa ya dukani ya kusafishia swichi na voliumu, tone moja na kuzungusha mara 20 umeme ukiwa umechomolewa, huponya nyingi. Ila ikiwa ni ya valvu na lazima shasi ifunguliwe, mwachie fundi. Mafuta ya kulainishia bawaba hayafai, yanabaki humo na kukaribisha vumbi jingine, na hapa kwetu vumbi halialikwi mara mbili.

Chaneli safi ndiyo kipimo

Tumia kebo fupi, mita 3 mpaka 6, na gitaa lililotuniwa, voliumu yake juu. Hakuna pedali (kifaa cha kukanyaga) yoyote. Panga besi 4, midi 6, trebo 5. Midi juu kidogo ya nyingine si kosa: katika amplifaya nyingi saketi hii ya toni kazi yake ni kupunguza tu, na midi kwenye 5 tayari imezama. Nobu hizo tatu pia huvutana, ukigusa moja nyingine mbili hubadilika kidogo. Kwenye baadhi ya amplifaya ukizishusha zote tatu hadi sifuri sauti inapotea kabisa. Haijaharibika.

Panda na voliumu polepole huku ukipiga kodi kwa nguvu moja. Tafuta mahali ambapo kodi nzito inaanza kuwa na makali ambayo hukuyaomba. Hapo ndipo mwisho wa usafi wake, pakumbuke. Solo za dansi na mapambio ya kwaya huhitaji nafasi kubwa chini ya alama hiyo, maana noti zinapigwa haraka na kila moja isikike peke yake. Valvu za wati 15 zikikutana na ngoma za seti zitafika mwisho mapema. Wati 30 hadi 50 zina raha zaidi. Usidanganyike kwamba 100 ni mara mbili ya 50 masikioni: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na spika nzuri inaweza kukupa hizo bure.

Piga uzi wa sita kwa kuufunga na kiganja, kisha panda fleti ya 12 na kuendelea kwenye uzi wa kwanza. Chini pasisikike kama boksi tupu, juu pasichome. Kitu kikitetemeka kwenye noti moja tu, kaza skrubu za spika na za kifuniko cha nyuma kabla ya kuishuku spika. Kama unapiga na kikundi chenye ngoma za muheme na ilimba (ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba), shusha besi hadi 3: ngoma zimeshachukua chini, ilimba na kinanda vinagombea katikati, na gitaa la ridhimu linabaki na kamwanya kembamba. Kwenye chumba peke yako mpangilio huo utasikika mwembamba. Ukumbini ndio unaosikika.

Chaneli ya pili

Acha chaneli safi ilipo. Hamia ya pili, voliumu sifuri, geini 4. Piga kodi ileile, panda na voliumu mpaka masikio yako yaone ni sawa na ile safi, kisha hama mara kumi mfululizo ukirekebisha kidogo kidogo. Kwa solo iache juu kwa nywele moja. Sauti iliyopasuka imebanwa: vilele vyake vimekatwa, kwa hiyo chumbani inaonekana kubwa lakini ngoma zikianza inazama. Ndiyo sababu usawa wa chumbani lazima upimwe tena mazoezini.

Kosa la siku ya kwanza ni geini. Ikifika 8 inakupa noti ndefu zisizokufa na inakuficha makosa, inapendeza, lakini mbele ya bendi inageuka kuwa kelele isiyo na umbo. Anza na 4, ongeza hadi noti ishike kwa urefu unaouhitaji, simama hapo. Kila unapopandisha geini, shusha besi. Besi nyingi ikiingia kwenye hatua ya kupasua hutoka kama matope. Ikiwa chaneli zote mbili zinatumia toni moja, panga kwa ajili ya safi halafu ya pili irekebishe kwa geini na toni ya gitaa. Zenye toni zake peke yake zina nafuu kubwa, na kama bado hujalipa, hicho ni kigezo cha kukataa au kukubali.

Ikipiga filimbi hata ukiwa umefunga voliumu ya gitaa, gonga valvu ndogo moja moja kwa penseli ya mbao, voliumu ikiwa chini. Moja italia kengele kwenye spika kuliko nyingine. Hiyo ndiyo mgonjwa, na kwa kawaida ni ile ya kwanza karibu na tundu la gitaa. Nyingi ni ECC83, ambayo ndiyo 12AX7 kwa jina la Marekani. Zima, ziache zipoe, ibadilishe nafasi na mwenzake ili kuthibitisha kabla ya kununua mpya.

Pedali ya kubadilishia chaneli mara nyingi haifanyi kazi mpaka kitufe cha mbele kikae upande fulani, jaribu pande zote mbili. Kama amplifaya imekuja bila pedali, na tundu lake ni la jeki ya kawaida ya gitaa, chomeka kebo humo na kwenye ncha ya pili gusisha kichwa cha jeki na shina lake kwa kipande cha waya: chaneli ikibadilika, tundu ni zima na unachohitaji ni swichi ya kawaida tu ya kubonyeza na kubaki. Tundu la pini nyingi usilifanyie hivyo. Mlio mdogo wa "tik" wakati wa kuhama unavumilika. Kishindo kinachorusha spika ni kazi ya fundi.

Chaneli ikigoma kuhama jioni tu wakati mchana ilikubali, pima soketi. Asilimia 10 chini ya 230 ni 207. Saa 1 hadi saa 2 usiku, majiko na pasi vikiwa kazini, mitaa ya mwisho wa laini huweza kushuka chini ya hapo, na rilei (swichi ya sumaku) inayobadilisha chaneli hukosa nguvu ya kuvuta. Valvu nazo hupoa na sauti inalegea. Stabilaiza yenye VA za kutosha inamaliza tatizo hili, na inaulinda mtambo umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Kelele zinatoka wapi

Chomoa kebo mbele. Mvumo ukibaki hata voliumu ikiwa sifuri, uko upande wa umeme wa amplifaya. Ukipanda pamoja na voliumu, uko kwenye hatua za mwanzo. Ukitoweka kabisa, basi unatoka kwa kebo au gitaa. Chomeka gitaa, funga voliumu yake: kelele zikiendelea, kebo ndiyo mbovu, ichezeshe kwenye shingo za jeki mpaka uisikie ikikohoa. Kelele zinazobadilika unapogeuka na gitaa ni pikapu (sumaku ya gitaa inayonasa mtetemo wa nyuzi) inanasa vitu vya chumbani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, kibadilishi cha sola. Kibadilishi kisichotoa wimbi safi kitaifanya amplifaya yoyote ivume, hata ya gharama. Kelele zikipungua ukigusa nyuzi ni kawaida. Zikiongezeka, waya umekatika au umegeuzwa ndani ya gitaa.

Sauti inayofifia na kurudi yenyewe, au inayozama ghafla bila sababu, inawapeleka wengi kwa fundi kubadilisha valvu. Kwanza angalia nyuma: kama kuna matundu ya kutoa na kurudisha kwa ajili ya pedali, unganisha moja na jingine kwa kebo fupi. Sauti ikirudi kamili, ni mguso wa ndani ya tundu la kurudisha uliochafuka. Chomeka na kuchomoa jeki mara 20, weka dawa ya swichi, umemaliza. Matundu hayohayo ndiyo mahali pa pedali za mwangwi. Za kupasua sauti na wawa zikae kati ya gitaa na amplifaya.

Mazoezini

Usiiweke sakafuni ikitazama magoti yako. Trebo ya spika ya gitaa husafiri kama mwanga wa tochi, na aliyekaa mstari wa mbele anapigwa na makali ambayo wewe uliyesimama juu yake husikii. Iinue juu ya kiti imara au iinamishe nyuma ielekee kichwani kwako, isogeze mbali na kona, kwa sababu kona huongeza besi. Ukumbi wa bati na kuta tupu utarudisha trebo yote, ishushe hadi 4 na uzime rivabu, jengo lenyewe linayo.

Bendi ikiwa kwenye sauti yake halisi, rudia ule mchezo wa kuhama chaneli. Hapo ndipo utaona voliumu ya pili inahitaji kuongezwa na geini kupunguzwa. Ukipata, bandika utepe wa karatasi juu ya nobu na uchore mstari mmoja mmoja kwa kalamu, kwa sababu kuna kijana wa kwaya atakayezigusa ukienda kunywa maji.

Ukimaliza, iache ipoe dakika 15 kabla ya kuibeba, valvu za moto hazipendi kutikiswa. Ifunike kwa khanga kuukuu au shuka ikishapoa kabisa, kamwe isiwe imewashwa. Kila baada ya wiki chache za kiangazi, pitisha brashi laini kwenye wavu wa nyuma.